Sentimita Tatu

Kiti cha Emrys kina upana wa sentimita sabini na moja.
Mlango wa jikoni, sitini na nane.
Ndoa yetu, miaka arobaini na sita,
imekwama hapo katikati.

Nyumba hizi za Mtaa wa Glanrhyd walijengewa wachimba makaa,
watu waliozoea kupita kwa ubavu.
Babu yake alipita, baba yake alipita,
yeye mwenyewe alipita na gunia la viazi begani
hadi ile Jumanne ya Februari
upande wake wa kushoto ulipomwacha bila kuaga.

Sasa analala sebuleni.
Namwogesha kwa beseni, pazia nimelibana kwa pini,
maana basi la saa tatu husimama dirishani petu
na abiria wake hawana kingine cha kutazama.

Mgeni njoo, mwenyeji apone.
Mgeni alikuja: Lowri wa halmashauri,
viatu chepechepe, futi ya chuma kiunoni.
Akapima kizingiti. Akapima ngazi, vidato kumi na tatu.
Akampima Emrys, gotini hadi kisiginoni,
naye akacheka kwa nusu ya mdomo:
"Suti… au jeneza?"
Lowri akainama, akaandika kitu kirefu.

Fomu ilikuwa na kurasa ishirini na saba.
Ukurasa wa tatu: je, anaweza kuoga peke yake?
Ukurasa wa tisa: je, anaweza kuoga peke yake?
Nikaandika hapana, halafu hapana tena,
kwa kalamu ileile,
kama shahidi anayeshukiwa.
Ukurasa wa kumi na nne wakataka akiba.
Tunayo. Pauni elfu saba na mia mbili,
za mazishi mawili, na chai ya waombolezaji,
na nyama baridi, kwa kuwa shangazi zake hawali samaki.
Ningeweza kunyamaza. Nani angefukua?
Lakini mama alinilea kanisani;
nikaandika yote, hadi senti.

Tukangoja miezi minane.
*Ombi lenu linashughulikiwa.*
Neno refu hilo, lina mikono mingi,
na hakuna hata mmoja ulioshika nyundo.

Barua ilifika siku ya mvua, yaani siku yoyote.
Watalipia bafu la chini na mteremko wa mlango wa mbele.
Mlango wa jikoni, kwa kuwa si wa lazima, tujilipie.
Si wa lazima!
Mimi huishi jikoni. Yeye huishi sebuleni.
Tunasemezana kwa kupayuka
kama majirani wanaogombea ua.

Nikaenda benki, nikatoa fedha za jeneza langu.
Lake nililiacha, asije akanisema.
Mlango kwanza. Kaburi
halijawahi kumkatalia mtu kwa upana.

Fundi Idwal alikata ukuta siku tatu,
vumbi la matofali likaingia hadi kwenye sukari.
Ndani ya ukuta akakuta kiko cha udongo
cha mtu tusiyemjua.
Emrys akakitia mdomoni, upande unaoshika,
akakaa nacho hadi jioni.

Alhamisi, saa kumi na nusu,
kiti kikapita. Hakikugusa popote.
Hakuna aliyepiga makofi.
Akasogea hadi kwenye jiko, akafunua sufuria,
miezi kumi na moja hajaona supu yangu ikichemka,
akaonja, akatafuta neno, akatafuta,
akalipata:
"Chumvi."

Tangu siku hiyo yumo humu, asubuhi hadi usiku,
ananifundisha kukata vitunguu,
yeye na redio yake, na makombo yake, na kikohozi chake.
Jana nilitoka nikasimama uani mvuani
nipate dakika kumi za upweke wangu wa zamani.
Nikalowa. Nikarudi.
Mlango ulikuwa wazi, mpana, unanuka rangi mpya.
Nikapita, kwa mazoea,
kwa ubavu.